Je, Washairi wa Kiingereza Hawajui Vina?

Liko neno linalosemwa mara kwa mara na walimu wenzetu, na hata na wazee wa kanisa waliosoma, nasi tumelinyamazia vya kutosha. Wasema hivi: "Waingereza hawajui vina. Tazameni tenzi zao za kanisani: 'heaven' wameifunga na 'given', 'love' na 'move', 'come' na 'home'. Tazameni na mashairi yao ya shuleni: mstari mmoja waishia 'stone', na mwenziwe 'home', ati hicho ni kina. Mtoto wetu wa miaka kumi asingethubutu kutunga hivyo." Kisha hucheka, wanafunzi hucheka pamoja nao, na kitabu hufungwa.

Sisi hatucheki. Twaona kwamba neno hilo ni kosa, tena ni kosa lenye madhara. Mwanafunzi afundishwaye kucheka asichokielewa hafundishwi kitu ila kiburi. Hufunga kitabu kabla hajakisikiliza, na shairi lililotungwa kwa jasho na wakati mwingine kwa machozi humpita kama upepo. Na mwalimu azoeaye kulihukumu shairi la mgeni kwa kipimo cha kwao, hatakawia kumhukumu na mgeni mwenyewe.

Basi twataka kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba vina hivi, tutakavyoviita vina nusu, vimewekewa sheria. Pili, kwamba sheria yenyewe imesimama juu ya koo za konsonanti, wala si juu ya bahati. Tatu, kwamba atakaye kuwahukumu Waingereza kwa kipimo chetu hana budi kukubali na sisi tuhukumiwe kwa kipimo chao. Na hapo ataona aibu imemwangukia nani.

Na tuanze kwa kukumbushana kina ni nini kwetu. Lugha yetu ina irabu tano tu, na maneno yetu, isipokuwa machache yaliyotoka ugenini, huishia katika irabu. Kwa hiyo kina chetu ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. "Pata" na "leta" ni kina kimoja, kwa kuwa yote mawili yaishia -ta. "Pata" na "pana" si kina, ingawa irabu ni zile zile, kwa kuwa -ta si -na. Washairi wa pwani waliishika sheria hii tangu zamani za Muyaka wa Mombasa na kabla yake, na Kaluta Amri Abedi aliieleza katika kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichotoka mwaka 1954.

Kwa Mwingereza sivyo. Kina chake huanza katika irabu yenye mkazo, huendelea mpaka mwisho wa neno. Konsonanti iliyotangulia irabu hiyo haimo katika kina. Tena hutakiwa iwe mbalimbali. "Day", yaani siku, na "way", yaani njia, ni kina kamili kwake, ijapokuwa d na w hazifanani. Lakini "see", yaani ona, na "sea", yaani bahari, ambayo hutamkwa sawasawa kabisa, kwake ni kina dhaifu, maana sikio halipati jambo jipya. Sisi twataka konsonanti ya mbele ifanane. Yeye ataka itofautiane. Sisi hatuna konsonanti baada ya irabu ya mwisho. Yeye anazo, mara moja, mara mbili, hata nne. Katika neno "texts" sikio husikia k, s, t, s, zote zimefuatana nyuma ya irabu moja.

Yafaa msomaji autafakari sana utofauti huo, maana ndio mzizi wa jambo lote. Kwa matamshi ya kusini ya Uingereza, irabu zipatazo 20 huhesabiwa, na kila moja yaweza kufungwa na konsonanti nyingi za namna nyingi. Kwa hiyo miisho ya maneno ya Kiingereza haihesabiki kwa urahisi, na maneno yanayoshiriki mwisho mmoja kamili mara nyingi ni machache. Sisi tukitaka kina cha -ka au -na, twachota kama maji ya kisimani. Mwingereza akitaka kina kamili cha "love", yaani upendo, maneno ya kawaida ni kama manne: "above", lenye maana ya juu, "dove", yaani njiwa, "glove", yaani mfuko wa mkono, na "shove", yaani kusukuma. Sasa mtu atakaye kuimba upendo wa Mungu atarusha njiwa wangapi? Ndiyo sababu njiwa ni wengi mno katika nyimbo za Kiingereza. Na neno "month", yaani mwezi wa kalenda, halina hata neno moja la kawaida liwezalo kuwa kina chake kamili.

Basi mshairi afanyeje? Mpinzani wetu asema: "Aache neno hilo, atafute jingine." Sisi twasema: Hapana. Akiliacha neno la kweli kwa ajili ya kina, amekitumikia kina, hakuitumikia kweli. Yupo aliyetafuta njia nyingine, naye ndiye mtunzi wa kina nusu: amewatafuta ndugu wa sauti, mahali ambapo sauti yenyewe haipatikani.

Ndugu wa sauti ni nani? Jaribuni wenyewe, hakuna haja ya kitabu. Weka kidole kooni, useme s kwa kuivuta. Koo limetulia. Kisha sema z kwa kuivuta. Koo latetema. Ulimi haukuondoka mahali pake. Kilichozidi ni mtetemo tu. Hivyo ndivyo zilivyo f na v, p na b, t na d, k na g: kila jozi ni ndugu wawili, mmoja mkimya, mwenziwe mwenye mtetemo. Sasa sema m kwa kuivuta, kisha uzibe pua kwa vidole. Sauti yakatika mara, maana ilikuwa ikipita puani. Jaribu n, jaribu na ng' ya ng'ombe. Ni vivyo hivyo.

Kwa njia hiyo twapata koo. Ukoo wa kwanza ni wa konsonanti zinazoziba pumzi kabisa kisha kuifungua: p, t, k, pamoja na b, d, g. Ukoo wa pili ni wa zile zinazoipitisha pumzi penye ufa mwembamba hata ikasugua: f, s, sh, na th ya thelathini, pamoja na v, z, na dh ya dhahabu. Ukoo wa tatu ni wa puani: m, n, ng'. Ukoo wa nne ni l na r, ambazo pumzi huteleza penye ulimi bila kuzibwa wala kusuguliwa. Ziko na nyingine, lakini hizi zatosha kwa haja yetu.

Asidhani mtu kwamba koo hizi ni mambo ya kubuni ya wataalamu wa Ulaya. Lugha yetu yenyewe yazijua. Apendaye ni mpenzi: d imegeuka z. Afuataye ni mfuasi: t imegeuka s. Apikaye ni mpishi: k imegeuka sh. Kuogopa kwazaa kuogofya: p imegeuka f. Tazameni vizuri. Konsonanti ya kuziba imegeuka kuwa ya kusugua. Lakini iliyokuwa kimya imebaki kimya, na iliyokuwa na mtetemo imebaki na mtetemo wake. Hakuna mtoto asemaye "mpensi" wala "mfuazi". Nani aliyemfundisha? Masikio yake. Basi masikio hayo hayo yaweza kumfundisha na kina nusu, kama mwalimu hatayaziba kwa kicheko.

Tena Maandiko yatupa mfano wa kutisha. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, watu wa Gileadi walivishika vivuko vya Yordani, wakawajaribu watoro wa Efraimu kwa neno moja, Shibolethi. Mwefraimu alisema Sibolethi, akajulikana. Sh na s ni za ukoo mmoja, zote za kusugua, zote kimya. Ndiyo sababu ulimi wa Mwefraimu uliiweka moja mahali pa mwenziwe. Hata hivyo sikio la Mgileadi lilizipambanua, na kitabu chasema walianguka watu 42,000. Twajifunza mambo mawili: kwamba konsonanti zina ndugu, na kwamba udugu si umoja. Kina nusu husimama papo hapo, katikati ya udugu na umoja, na nguvu yake yatoka hapo.

Sasa natutaje sheria zenyewe.

Sheria ya kwanza: irabu ibaki ile ile, na konsonanti ya mwisho ishikiwe nafasi na ndugu wa ukoo wake. "Stone", yaani jiwe, hushikana na "home", yaani nyumbani, kwa kuwa n na m zote ni za puani. "Name", yaani jina, hushikana na "rain", yaani mvua, kwa sababu iyo hiyo. "Keep", "feet" na "week" hushikana, maana p, t na k zote huziba, tena zote ni kimya. "Safe", "faith" na "face" hushikana, maana f, th na s zote husugua, nazo ni kimya. Lakini mweke "week" pamoja na "green". Irabu ni ile ile, walakini k na n si wa ukoo mmoja. Sikio laona limepewa nusu ya nusu.

Tena ndani ya ukoo mna walio karibu na walio mbali zaidi. "Seat", yaani kiti, na "seed", yaani mbegu, huachana kwa mtetemo tu. Lakini Mwingereza hukata irabu fupi mbele ya konsonanti iliyo kimya, na kuivuta mbele ya yenye mtetemo. Kwa hiyo "seed" hukaa kinywani muda mrefu kuliko "seat", na sikio huona hata irabu imeguswa. Kwa maoni yetu, "seat" hukaa vizuri zaidi na "week" kuliko na "seed", ingawa t na d ni za mahali pamoja. Mshairi mwenye sikio hupima hata jambo dogo kama hilo.

Sheria ya pili ni kinyume cha ya kwanza: konsonanti zibaki, irabu ndiyo ibadilike. Hapo ndipo zilipo tenzi za kanisa. "Heaven", yaani mbinguni, na "given", yaani iliyotolewa, zimeachana kwa irabu ya mkazo, lakini v na n zimebaki mahali pake. "Lord" na "word", Bwana na Neno, zimeungana kwa mwisho wake, tena kwa maana yake; na Mkristo gani atakayesema kwamba maneno hayo mawili hayastahili kukaa pamoja? Isaac Watts, aliyezaliwa mwaka 1674 akafa mwaka 1748, alitumia vina vya namna hii, na waliomfuata vivyo hivyo. Hata hivyo tutofautishe: si kila jozi iliyoachana leo ilikuwa imeachana siku ilipotungwa. Alexander Pope, aliyekufa mwaka 1744, aliifunga "tea" na "obey", na siku zake ilikuwa halali kabisa, maana wengi waliitamka chai hiyo "tei". Lugha ilihama, shairi likabaki. Anayemcheka Pope kwa neno hilo amcheka mtu kwa kosa lililotendwa na wajukuu zake.

Katika sheria hii ya pili ndimo hasa vikundi vya konsonanti vifanyapo kazi kubwa. Konsonanti moja peke yake ni kamba nyembamba. Irabu ikiondoka, kina huyumba. Lakini konsonanti zikiwa mbili au tatu, kina hushika hata irabu ikibadilika mara nyingi. Sikilizeni "dust", "lost", "rest", "priest": irabu nne mbalimbali, na kikundi kimoja, s na t. Sikilizeni "land", "friend", "round": n na d. Sikilizeni "field", "cold", "child": l na d. Kila mmoja wenu aliyewahi kufunga mzigo aelewa jambo hili. Mzigo wa kamba moja, ikikatika, umemwagika. Mzigo wa kamba tatu, ikikatika moja, wafika mjini.

Sheria ya tatu ni ngumu kuliko zote: konsonanti za mbele na za nyuma zibaki zote, irabu ya katikati peke yake igeuke, kama "time" na "tame", au "bad" na "bed". Aliyeifanya njia hii kuwa kubwa ni Wilfred Owen. Alizaliwa mwaka 1893, akawa askari katika vita vya 1914 hadi 1918, akauawa kaskazini mwa Ufaransa tarehe 4 Novemba 1918, juma moja tu kabla vita havijakoma. Alikuwa na miaka 25. Katika shairi lake liitwalo "Strange Meeting", askari ashuka gizani baada ya kufa, akutana na mtu mwingine, naye ni yule adui aliyemuua yeye mwenyewe kwa mkono wake. Sasa fikirini. Watu wawili wa mfano mmoja, wa umri mmoja, wa matumaini mamoja, lakini mmoja amemuua mwenziwe. Ni kina gani kiwezacho kusema hayo? Kina kamili kingefunga kila jambo kwa amani, kama kwamba hakuna kilichoharibika. Bila kina, wasingekuwa ndugu. Owen alitwaa maneno yaliyo sawa mbele na nyuma, yakiwa yamejeruhiwa katikati. Sikio hungoja ukamilifu, usije. Hiyo ndiyo vita. Mwaka 1962 shairi hilo liliimbwa ndani ya kanisa kuu jipya la Coventry, katika kazi kubwa ya Benjamin Britten, kwa kuwa kanisa la kale lilikuwa limebomolewa kwa mabomu mwaka 1940. Nani aliyekuwa na haki ya kusimama hapo na kumkosoa marehemu kwa vina vyake?

Sasa natumtaje na mama mmoja wa Marekani, Emily Dickinson wa Amherst, katika Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1830 akafa mwaka 1886. Huyu alikua akisikia tenzi za Watts, na mashairi yake mengi yamekatwa kwa mizani ya tenzi, silabi nane, kisha sita, kisha nane, kisha sita, hata yaweza kuimbwa kwa sauti tunazozijua kanisani. Lakini vina vyake mara nyingi ni nusu. Moyo wake ulikuwa na maswali mengi juu ya imani, na twaona kwamba ndani ya mizani iliyotulia ya utenzi, kina kisichotulia ndicho kilichoyabeba maswali hayo.

Je, wakubwa wa siku zake walimfanyia nini? Walimsahihisha. Mwaka 1861 gazeti la mji wa Springfield lilichapa shairi lake moja, ambamo aliifunga "pearl", yaani lulu, na "alcohol", yaani kileo, kwa kamba ya l peke yake. Na kileo chenyewe, tusikosane na wenye kiasi, kilikuwa hewa na umande wa kiangazi. Likatoka gazetini neno lake limeondolewa, na mahali pake pamewekwa "whirl", yaani mzunguko, ili "pearl" ipate kina kamili. Kina kikapona, maana ikafa. Alipokwisha kufa, kitabu chake cha kwanza kilitolewa mwaka 1890, na wahariri wake wakalainisha vina vyake mahali kadha wa kadha. Wasomaji walingoja mpaka mwaka 1955, miaka 69 baada ya kifo chake, ndipo mashairi yake yote yaliyojulikana, zaidi ya 1,700, yalipochapwa karibu na alivyoyaandika. Hiyo ndiyo hasara ya mwalimu ajuaye kina cha namna moja tu. Huondoa lulu ili kuisawazisha kamba.

Tena kabla ya hao wote, watu wa Ireland waliiweka sheria hii wazi katika lugha yao wenyewe. Katika shule zao za washairi, kwa karne nyingi mpaka ya 17, konsonanti ziligawanywa katika makundi, na maneno mawili yalihesabiwa kuwa kina kama irabu zake ni sawa na konsonanti zake ni za kundi moja. Sauti za p, t na k zilikuwa kundi moja. B, d na g kundi jingine. S ilisimama peke yake. Mwanafunzi alijifunza miaka mingi kabla hajaitwa mshairi. Basi lile ambalo wenzetu huliita uzembe wa siku hizi, mahali pengine lilikuwa elimu ya kale yenye mtihani.

Natujibu sasa maneno ya wapinzani, moja moja.

Wasema: "Ni uvivu." Lakini njia ya Owen ni ngumu kuliko kina kamili. Atafutaye kina kamili atazama nyuma ya neno tu. Owen alitazama mbele na nyuma. Mvivu hajichagulii mzigo mzito kuliko wa mwenziwe.

Wasema: "Kama hicho ni kina, basi kila kitu ni kina." Sivyo. Tumekwisha onyesha kwamba "week" na "green" hazitoshi. "Book" na "tree" hazina hata harufu ya udugu. Sheria yenye ndani na nje ni sheria. Hatukatai kwamba wako watungaji wavivu wajifichao nyuma ya jina la kina nusu, kama walivyo wavivu wajifichao nyuma ya vina kamili vya njiwa na mfuko wa mkono. Wapimwe wote, lakini kwa sheria yao.

Wasema: "Wimbo wa Mungu wastahili vina kamili." Basi na wafungue Zaburi. Katika Kiebrania Zaburi hazikujengwa kwa vina; zimejengwa kwa wazo kurudiwa na wazo, mstari ukijibu mstari. Zaburi ya 119 imepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kila herufi mistari minane. Daudi hakuhitaji kina chetu wala cha Mwingereza ili asikiwe.

Wasema mwisho: "Watoto wetu watayaleta haya katika mashairi ya Kiswahili, wayaharibu." Hofu hii twaiheshimu, lakini haina msingi. Kina nusu cha Kiingereza hutegemea konsonanti zilizo nyuma ya irabu. Kiswahili hakina konsonanti hapo. Mtoto akifunga -ma na -na katika shairi letu, mwambieni amekosa, kwa kuwa sheria ya nyumba hii ni silabi nzima, na nyumba hii haina uhaba wa vina. Kujua sheria ya jirani si kuivunja ya kwetu. Hakuna apimaye nguo kwa pishi, wala mchele kwa dhiraa, na muuzaji ajuaye vipimo vyote viwili hadhulumu wala hadhulumiwi.

Na hapa ndipo tulipoahidi kufika. Mchukueni Mwingereza mwenye majivuno, mfano wa mwalimu wetu mchekaji, mpeni "pata" na "leta". Mkazo wetu huwa katika silabi iliyo kabla ya mwisho. Naye ataanza kusikiliza hapo, asikie -ata na -eta. Atasema: "Irabu za mkazo si moja. Hiki ni kina nusu." Kwa kipimo chake, mashairi yetu mengi yaliyosifiwa pwani yote, ya Muyaka na ya Shaaban Robert, yamejaa vina nusu kuliko kitabu chochote cha Emily Dickinson. Je, tutakubali hukumu hiyo? Hatutakubali kamwe. Tutamwambia: "Ndugu, hujui sheria ya nyumba hii, kaa, usikilize kwanza." Haya, na tujiambie wenyewe neno lilo hilo tunapoingia nyumbani mwake. Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya kipimo tunachowapimia wengine.

Lililobaki ni kazi ya darasani. Twawasihi walimu wafanye mambo manne. Shairi la Kiingereza lisomwe kwa sauti, lisitazamwe kwa macho tu, maana herufi zake hudanganya. Mtoto azuiwe kuongeza irabu mwishoni. Asomaye "rope" kama "ropu" na "coat" kama "koti" hawezi kusikia udugu wa p na t, kwa sababu amekwisha zifunika kwa u na i. Kisha aulizwe: ni irabu iliyobaki, au ni konsonanti? Kama ni konsonanti, ni ile ile au ndugu yake? Mwisho aulizwe swali lililo kubwa: kwa nini mshairi ameacha kina kisikamilike mahali hapa? Mara nyingi atakuta kwamba mahali hapo pana msiba, au shaka, au neno ambalo halikuweza kuachwa.

Na ndugu wanaotafsiri tenzi, wasijitese kuvifuata vina vya Kiingereza, kamili wala nusu. Mistari mingi ya tenzi zao huishia kwa silabi yenye mkazo, na maneno yetu huweka mkazo silabi moja kabla ya mwisho. Mzigo wa kupatanisha haya na noti za wimbo ni mzito vya kutosha. Watafute maana, mizani, na Kiswahili safi. Vina vikija kwa sheria yetu, vikaribishwe.

Wazee walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mashairi haya yameelea miaka mingi juu ya maji mazito, ya vita, ya upweke, na ya maombi. Mwalimu atakayesimama pwani na kusema kwamba jahazi halina misumari, na ashuke kwanza majini alitazame kwa karibu, apate kuona limeshonwa kwa kamba gani.